Zamu ya Arobaini na Moja

Jumamosi, 1 Septemba 2018

Daftari jipya. Lile la zamani lina miezi sita bila siku moja ya kucheka. Nimelitia kabatini.

Kocha Brandl, mkuu wa timu ya shule ya mpira wa Kimarekani, amekuja saa nne asubuhi na boksi la donati. Donati! Nikajua ana shida. Akakaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, Verlin, akakumbuka ni cha nani, akahamia cha dirishani. Anataka madaftari ya alama ya Verlin, yote. Kocha mpya wa walinzi, Jarrod Stueve, ana miaka ishirini na saba na moyo mzuri, lakini kutoa alama hajui. Kwake kila kijana kacheza vizuri. Anawapigia makofi.

"Verlin alikuwa na jicho," akasema Brandl. "Miaka yangu yote sijaona jicho kama lile."

Nikasema ndiyo.

Nikampa madaftari kumi na tisa. Akafungua moja. "Mwandiko wako huu, Lorna." Nikasema yeye alikuwa anasema, mimi naandika. Akasema Verlin alipata mke. Akala donati mbili, akaenda.

Hapa naweza kusema, maana hakuna asomaye. Verlin hakuiona skrini ya video tangu 2006. Sukari ilimla macho, kwanza katikati, halafu pembeni. Alikaa kando yangu ameweka mkono begani kwangu, akiuliza: "Miguu?" Nami namwambia miguu. "Mikono?" Namwambia mikono. Miaka miwili ya kwanza alinisahihisha. Baadaye akaacha, akawa anasinzia. Jumatatu anawasomea vijana kwa kichwa niliyomwambia wakati wa chai. Kufundisha alifundisha yeye, tena kuliko wote jimbo hili—alimshika kijana mabega na kiuno, akajua kasimama vibaya. Lakini alama zilikuwa zangu. Zamu kwa zamu. Miaka kumi na miwili.

Donati zimebaki nne.


Jumanne, 4 Septemba

Stueve amekuja jioni nikiwa bado na vumbi kwenye nywele. Mahindi ya kwanza yameanza kuingia ghalani ninakofanya kazi. Siku nzima nachoma bomba la sampuli kwenye malori, napima unyevu, ambao ukizidi bei inashuka, nahesabu punje zilizovunjika.

Ameyasoma madaftari, hajaelewa kitu. Nikafungua kompyuta. Nikamwambia: walinzi watano, mrushaji mmoja nyuma yao. Mrushaji usimtazame. Uwanja mzima unamtazama mrushaji, hata mama zao walinzi. Chagua mlinzi mmoja. Tazama miguu. Rudisha nyuma, tazama mikono. Rudisha, tazama kama mtu aliyepewa kumzuia kamfikia mrushaji. Halafu mlinzi wa pili. Kila mpira unapoanza ni zamu moja, na mechi ina zamu kama sitini.

Akahesabu kwa vidole. "Sitini mara tano. Mara mia tatu, Bi Lorna."

"Mia tisa. Nimesema kila mmoja mara tatu."

Akanywa maji.

Kazi imefanyika: jumlisha moja. Haikufanyika: toa moja. Mrushaji kaangushwa kwa sababu yako: toa mbili.

"Na kama kijana kajitahidi?"

Nikamwambia kujitahidi hakuna safu yake kwenye karatasi.

Mwishowe tumekubaliana nitoe mimi, yeye aangalie mpaka ajue. Brandl anaambiwa nanakili tu alama za Stueve kwa mtindo wa Verlin. Stueve anasema anaona aibu. Nikasema aibu itaisha, nimeizoea.


Jumamosi, 8 Septemba

Tumeshinda. Orrin Sedlak, zamu hamsini na nane, kosa moja. Kosa lenyewe: alimwinua mpinzani baada ya filimbi.

Huyu ndiye analinda kushoto kabisa, mgongoni mwa mrushaji, mahali ambapo mrushaji haoni. Ratili mia mbili na tisini. Kwao wanafuga kondoo. Nadhani kwa wiki anasema maneno manne, na mawili ni "ndiyo, mama".


Jumamosi, 15 Septemba

Orrin asilimia tisini na sita. Sijawahi kuandika namba hiyo kwa mtoto wa darasa la kumi na mbili. Nilirudia zamu kumi kuhakikisha sijalewa mapenzi. Sijalewa.

Mtu wa chuo anayetafuta wachezaji kampigia simu Brandl. Atakuja tarehe 12 Oktoba kumtazama Orrin. Anataka na karatasi za alama "za Verlin" za misimu iliyopita. Kasema kila kocha anayempigia ana kijana bora nchini, lakini karatasi za Verlin Kucera anaziamini kwa sababu hazina huruma.

Nimeoka kolachi, keki ndogo za Kicheki. Za mbegu za popi na za plamu. Nimekula tatu nimesimama.


Jumapili, 23 Septemba

Baada ya misa Brandl kanishika mkono mbele ya watu. Chumba cha video cha shule kitapewa jina la Verlin, na kibao cha shaba. Kitafunuliwa tarehe 12, usiku huohuo wa yule mtu wa chuo, kabla ya mechi. Akanipa karatasi nihakiki tahajia:

VERLIN J. KUCERA. JICHO LILILOONA KILA KITU.

Nikasoma mara mbili. Nikamwambia tahajia ni sawa.


Jumamosi, 29 Septemba

Jana. Robo ya tatu, zamu ya arobaini na moja. Colby Haverkamp, mrushaji wetu, kapokea mpira, kageukia kulia kutafuta wa kumrushia. Namba 44 wa wapinzani kaja kutoka kushoto, hakuna aliyemgusa. Nimesikia mfupa. Nilikuwa jukwaani, safu ya nane. Darlene wa mizani kule ghalani anasema haiwezekani kusikia ukiwa safu ya nane. Nimesikia.

Gari la wagonjwa likaingia hadi katikati ya uwanja. Rick Haverkamp, baba yake, kakimbia kofia mkononi, akapoteza kiatu, hakurudi kukichukua. Mtulinga wa Colby umevunjika, bega la kushoto. Msimu umekwisha. Colby yuko mwaka wa mwisho, kwa hiyo yote imekwisha.

Leo asubuhi nimetoa alama. Nilianza na zamu ya 41. Sijawahi kuanza katikati. Orrin kabaki ndani, 44 kapita nje yake, peupe. Toa mbili. Pembeni nikaandika: *Hakumgusa.*

Stueve kapiga simu. Video ya kamera ya nyuma ya goli bado haijapatikana—Mwalimu Ott anayepiga video kaondoka nayo, kapitiliza harusini Iowa, anarudi Jumanne. "Tungoje?" akauliza.

Nikasema ninaona vizuri.

Karatasi nimempa saa sita.


Jumatatu, 1 Oktoba

Karatasi imebandikwa ukutani chumba cha video saa mbili asubuhi. Saa nne habari yake ilikuwa ghalani. Kila lori linaingia na maoni. Wanaume ambao hawajui mpira una ncha mbili wananieleza kuhusu miguu ya Orrin Sedlak.

"Verlin angemfukuza siku ileile," kasema mmoja.

"Ratili zote zile na hamgusi mtu! Weka mlango wa friji pale, utafanya kazi zaidi," kasema mwingine.

Darlene kacheka, halafu kaniona, kaacha.

Brandl kamshusha Orrin timu ya akiba. Rick Haverkamp yumo kwenye bodi ya shule na kapiga simu mara tatu, kasema Stueve.

Nilipopita shuleni kupeleka daftari, pikapu ya Orrin ilikuwa kwenye maegesho. Kioo cha nyuma kina vumbi la barabara ya shamba. Mtu kaandika kwa kidole: HAKUMGUSA.

Neno langu. Hata nukta hawakuongeza.


Jumanne, 2 Oktoba

Mwalimu Ott karudi. Nimeitazama zamu ya 41 wakati wa chakula cha mchana, kwenye kompyuta ya ghala, sandwichi mkononi.

Kutoka pembeni, mtu akipiga hatua kwenda kulia unaona kasimama tu. Kutoka nyuma unaona yote.

Kabla ya mpira kuanza, Colby anajigonga paja la kulia. Mara mbili. Hiyo ni Roza. Mrushaji akiita Roza, ukuta wote unahama hatua moja kulia, na yule wa nje kushoto anaachwa makusudi. Huyo ni wa mrushaji mwenyewe: amkwepe kwa kutupa mpira upesi. Verlin aliiandika 2009. Yaani niliiandika mimi, akisema yeye. Hiyo ilikuwa yake.

Watano wote wakapiga hatua kulia. Watano! Orrin naye. Kafunga nafasi ya ndani kama alivyofundishwa, hatua fupi, kitako chini, mikono kifuani mwa mtu. Na Colby kaushika mpira. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Labda alisahau kwamba ameita. Labda aliona rafiki yake akikaribia kuwa huru, akamngoja. Ana miaka kumi na saba.

Nimerudisha mara kumi na nne. Nilikuwa nangoja ibadilike.

Kwa hiyo: nilimtazama mrushaji. Miaka kumi na miwili nawaambia watu wasimtazame mrushaji, na siku moja mtoto kaanguka mbele yangu, nikamtazama kama watu wote, nikatafuta wa karibu wa kumlaumu. Kamera ilikuwa inakuja siku tatu baadaye. Sikungoja.

Orrin, zamu ya 41: jumlisha moja. Pengine ndiyo bora aliyocheza mechi ile.

Sandwichi nimemwachia paka wa ghalani. Kaikataa.


Jumatano, 3 Oktoba

Rick Haverkamp kaleta lori la mahindi saa tatu. Hajanyoa. Nikapanda, nikachoma bomba sehemu tano, nikarudi dirishani. Nikamuuliza Colby anaendeleaje.

"Analala amekaa. Hasemi. Hajasema neno tangu Ijumaa, Lorna, hata kwa mama yake. Anatazama ukuta." Akasugua uso. "Ile karatasi yenu. Nashukuru. Sikutaka watu waseme ni bahati mbaya. Mtoto wangu kavunjwa, na aliyetakiwa kumlinda anajulikana."

Mashine ikalia.

"Kumi na tisa nukta nne," nikasema.

"Nini?"

"Unyevu."

"Pima tena."

"Nimepima mara mbili, Rick."

"Basi mara hii mara tatu." Nikapima. Kumi na tisa nukta nne. Akatazama namba ile kana kwamba nayo ilimwacha mtoto wake aangushwe. Akasema angekuwa Verlin angesoma kumi na nane. Halafu akaomba radhi. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie. Lori la nyuma likapiga honi, akaondoka. Sitajisingizia—ningeweza kutoka nje nikamsimamisha. Dirisha lina mlango kando yake.

Saa kumi na moja nimeendesha hadi kwa akina Sedlak. Orrin alikuwa zizini amemlaza kondoo mgongo chini, anamkata kwato. Kondoo katulia kama mtu kwa kinyozi.

"Bi Lorna."

"Zamu ya 41," nikasema. "Iliitwa Roza."

Akamaliza kwato ya tatu, akaanza ya nne.

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani?"

"Brandl. Stueve. Mtu yeyote, Orrin! Watu wanaandika kwenye gari lako."

Akamwachia kondoo, kondoo akasimama, akajikung'uta kwa heshima yake, akaenda. Orrin akabaki amepiga magoti. "Colby ndiye kavunjika," akasema. "Mimi sijavunjika. Nikisema, itakuwa namwongezea." Akafikiri. "Halafu karatasi ilisema sikumgusa. Karatasi za Kocha Verlin hazikosei. Nikadhani labda sikusikia vizuri ile Roza. Nikadhani labda ni mimi."

Hapo nikakosa pa kutazama. Nikatazama kondoo.

Nikamwambia karatasi ilikosea. Akauliza nani kaikosea. Nikasema mimi. Akaitikia kwa kichwa, polepole, akaniuliza kama nataka mayai. Nimerudi na mayai kumi na nane.


Alhamisi, 4 Oktoba

Ofisini kwa Doug Brandl, saa sita na nusu. Nimeomba ruhusa ghalani, ya kwanza tangu mazishi.

"Karatasi ya Jumatatu ina kosa," nikasema.

"Stueve kakosea?"

"Stueve hajatoa alama hata moja msimu huu. Mimi."

"Najua, unanakili kwa mtindo wa—"

"Doug. Tazama video."

Akatazama. Akarudisha. Akafunga mlango, akatazama tena. Nilimwona midomo ikisema: Roza.

Mashine ya barafu ya chumba cha tiba ilikuwa inanguruma ng'ambo ya ukuta.

"Unataka nimpigie Rick," akasema, "nimwambie mtoto alijivunja mwenyewe?"

"Nataka uondoe maneno yangu ukutani."

"Nitaondoa. Baada ya tarehe kumi na mbili. Watu wapoe kwanza."

"Tarehe kumi na mbili mtu wa chuo anakuja kumtazama Orrin. Atamwona amekaa benchi na ndoo ya maji."

"Lorna, nisikilize. Ile ni alama ya Verlin. Watu wanaichukua kama ya Verlin. Nikianza kusema karatasi zake zinakosea, wiki ileile tunaweka kibao—"

"Verlin hakuwa anaona."

Sijui nilidhani nitaisema vipi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili ya kuipanga. Ilitoka kama mtu anayesema maziwa yamekwisha.

"Alikuwa na miwani," akasema Brandl.

"Ilikuwa ya mapambo."

Akakaa. Kidoleni ana pete ya ubingwa wa jimbo wa 2011. Akaizungusha. "Hata 2011?"

"2011 alikuwa anaona mwanga wa dirisha. Mchana."

"Lakini alinishika bega, nakumbuka, mazoezini, akaniambia kijana wa Novak anaegemea kushoto. Na kweli alikuwa anaegemea!"

"Hiyo alijua kwa mikono. Hiyo ilikuwa yake, Doug, usiitoe. Mazoezi yote yalikuwa yake. Alama zilikuwa zangu."

Akauliza nani mwingine anajua. Nikasema wewe. Akasema basi tubaki sisi wawili, mpaka kibao kipite, halafu tutaona. Hakuwa mkali. Aliomba. Alisema ni kwa ajili ya Verlin.

Nimerudi ghalani, nimepima malori kumi na moja. Nimefika nyumbani nimeosha gari. Halikuwa chafu.

Verlin, ulinifanya niape. Ulisema wakijua watakupa pole na kiti cha kukunja, na utakufa. Nikaapa. Umekufa hata hivyo, lakini miaka kumi na miwili baadaye, na filimbi shingoni. Sijuti. Ila hukuniambia nifanye nini wewe ukiwa umekwenda na mtoto wa Sedlak amebaki.


Ijumaa, 5 Oktoba

Mechi ya ugenini. Tumefungwa 34 kwa 6. Mrushaji wa akiba kaangushwa mara saba. Orrin alibeba maji. Alimpelekea maji hata yule kijana aliyechukua nafasi yake, akamnong'oneza kitu, akamsogeza mguu wa nyuma kwa mguu wake. Zamu tatu zilizofuata yule kijana hakukosea. Nikaziandika kwenye kiganja.

Colby hakuja.


Jumamosi, 6 Oktoba

Nimemaliza karatasi ya jana saa tano. Halafu nikachukua nyingine tupu, nikaandika upya ile ya wiki iliyopita. Zamu zote sitini na tatu, kutoka mwanzo, kwa kamera zote mbili. Kumbe nilimkosea pia Pruitt wa kulia kwenye zamu ya tisa. Yeye nilimpa zaidi. Nimempunguzia.

Zamu ya 41, Orrin Sedlak: jumlisha moja. Pembeni: *Iliitwa Roza. Mtu wa nje si wake.* Chini kabisa: *Karatasi ya kwanza ilikosewa na mtoa alama, ambaye ni mimi.* Saini: L. Kucera.

Safu ya mrushaji hatuna. Hatujawahi kuwa nayo. Sikuiongeza. Lakini anayejua Roza atajua.

Ufunguo wa Verlin bado unafungua chumba cha video. Hakuna mtu Jumamosi. Mlangoni kuna matundu manne mapya ya skrubu, tayari kwa kibao, fundi kayachora kwa penseli na bado yamepinda. Nikabandua ile, nikabandika hii. Pini nne. Nikatoka. Nikarudi kuhakikisha imenyooka. Ilikuwa imenyooka.

Stueve alikuwa wa kwanza kuiona. Alikuja kuchukua koti lake. Kapiga simu. "Bi Lorna, L ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Kasema, "Nilikuwa nashangaa. Kila nilipomtaja Verlin ulikuwa unajibu maswali ambayo sikuuliza." Kasema Jumatatu atamweka Orrin mazoezini kushoto, na Brandl akimtoa atamrudisha, na akimtoa tena atamrudisha. Nikasema atapoteza kazi. Kasema mama yake ana duka la matairi.

Brandl kapiga saa tisa. Hakusalimu.

"Rick ananiuliza L ni nani."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia ni kosa la mwandiko, ni V."

"Doug."

"Nilihitaji muda! Alipita shuleni, akapiga picha, Lorna. Anaionyesha kila mtu kule kwenye duka la mbegu na anauliza Roza ni nini. Na unajua kilichotokea? Mtu kamwambia."

Nikauliza Rick kasemaje. Brandl kasema Rick kapanda gari tu, kaenda nyumbani kwake. Kwa Colby. Kasema hajui kama nimefanya jambo zuri au baya. Nikasema nami sijui. Halafu kaniuliza, sauti ya chini, kama nitakuja tarehe kumi na mbili kibao kikifunuliwa.

Nikasema inategemea kimeandikwa nini.


Jumapili, 7 Oktoba

Misa. Benchi letu lilikuwa na nafasi nyingi kuliko kawaida. Bibi mmoja aliyekuwa akinibusu kila Jumapili tangu mazishi ya Machi leo kanipa mkono tu. Mwingine ambaye hajawahi kunisalimu kanikonyeza. Nimeshindwa kujumlisha.

Akina Haverkamp walikaa mbele. Colby kavaa shati la baba yake juu ya bendeji, mkono wa shati unaning'inia. Wakati wa kutakiana amani Rick aligeuka, akaniona, akageuka tena. Colby naye aligeuka. Alinitazama muda. Halafu akatazama viatu vyake.

Saa saba na robo. Naandika mezani jikoni. Pikapu ya Orrin imesimama mbele ya nyumba yangu. Kioo cha nyuma kimeoshwa. Kuna watu wawili ndani. Wamekaa dakika sita, injini inaunguruma, hakuna anayetazama mwenzake.

Injini imezimwa.

Orrin katoka. Anazunguka mbele ya gari, anafungua mlango wa pili. Ni Colby. Orrin kasimama upande wa kushoto wake, ule wenye bendeji, kati yake na upepo, anatembea kinyumenyume kidogo ili asimguse. Hatua fupi. Kakanyaga ua langu la krisanthemamu. Hakuliona.

Nimeweka kahawa. Nimetoa kolachi. Nimezirudisha, zinaonekana kama sherehe. Nimezitoa tena.

Wako kwenye ngazi. Dirisha liko wazi, nawasikia.

"Bisha," Orrin anasema.

"Bisha wewe."

"Mkono wako wa kulia mzima, bwana. Bisha wewe."

"Nitasemaje?"

"Sijui. Mimi nimekuleta tu."

Baba yake Colby anajua yuko hapa? Gari jingine linapunguza mwendo kule kona, jeupe, kama la Rick, siwezi kuona vizuri kutoka hapa. Nimesimama, naandika nimesimama. Colby kanyanyua mkono wa kulia. Ngumi iko hewani, mbele ya mlango wangu.

Bado hajabisha.